Bei ya Mwavuli

Jumatano, kwenye kibanda cha video cha Igogo,
mlango ulikuwa gunia, kiingilio shilingi mia mbili,
na Mafuru alikaa ubavuni mwa runinga
na maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Filamu ilitoka mbali, nchi ya kengele na maua ya shingoni.
Hakuna aliyeijua lugha yake.
Mafuru naye hakuijua. Sisi tulidhani anaijua.

Nilikaa benchi la tatu, mikono inanuka dagaa,
nimeisugua kwa limau na bado.
Mwanamke wa kwenye kioo na yule kijana
walikuwa wa dini mbili, ama koo mbili,
ama kingo mbili za mto mmoja;
Mafuru alibadilisha kila wiki.
Wiki ile baba alipopokea ng'ombe kumi na wanane kutoka Ngudu,
wawili wana mimba,
yule mwanamke naye akawa Msukuma.

"Baba yake anasema," Mafuru akatafsiri,
"watu wa visiwani mali yao huoza kabla ya saa saba mchana."
Kibanda kikacheka.
Mimi nilitazama miguu yangu.
Maneno yale baba aliyasemea uani kwetu,
Mafuru amesimama na sato wawili mkononi,
maji yakimdondokea kwenye viatu vya kuazima.

Ikafika mvua.
Wale wawili wakajibanza chini ya paa la duka,
nguo imemganda mwilini,
na mzee Bugumba mwenye kibanda akatupa kanga juu ya kioo
kwa ajili ya watoto waliokaa chini.
Tukabaki na mwanga unaotetemeka
nyuma ya NIMEYAONA NIMENYAMAZA,
na sauti ya Mafuru, ya chini, ya karibu,
kama mtu anayezungumza na shingo yako:
"Mwanamume anasema, ningekuwa na ng'ombe
ningekuletea bila kamba, wajifuate wenyewe.
Sina. Nina mtumbwi wa kukodi na mdomo huu.
Anasema, usiponijibu leo
nitajua umenijibu."

Jenereta likakohoa.
Magoti yangu yalikuwa ya mtu mwingine.

Sikujibu.
Kaka yangu alikuwa na mchumba Usagara
akiwasubiri ng'ombe wale wale.
Waliingia kwetu kwa mlango mmoja, wakatokea mwingine,
hata mbolea hawakutuachia.

Miaka kumi na mitano.
Ngudu, sebule ya vigae.
Mume wangu hana ubaya: hunimenyea machungwa,
huniachia kiti kinachoelekea feni.
Jumapili moja filamu ikaja, ile ile, kengele na maua,
safari hii imeandikwa Kiswahili chini yake,
safi, neno kwa neno.
Nikauacha mchele kwenye ungo.

Baba wa kwenye kioo alikuwa akiulizia dawa ya mgongo.
Mama alisema chakula kimepoa.
Na pale kwenye mvua, bila kanga,
mwanamume akamgeukia, macho yale yale yaliyonikosesha usingizi,
akasema, sijui mwavuli ule
wanauza bei gani.

Nilicheka mpaka mume wangu akaacha kisu.
Nilicheka, halafu nikashindwa kuacha,
halafu hakikuwa tena kicheko.

Binti yetu Nshoma hasomi upesi,
herufi za kwenye runinga humkimbia.
"Mama, huyo mwanamke anajibu nini?"

Nikainuka. Nikasimama mbele ya kioo
kama mtu anayefuta vumbi,
nikayaziba maandishi kwa kiganja,
kiganja ambacho, naapa, kilinuka dagaa.

"Anasema," nikamwambia,
"mtumbwi wa kukodi nao huelea."

Mume wangu, ganda la chungwa linaning'inia kisuni,
akainamisha kichwa atazame vizuri.
"Mtumbwi?" akauliza.
"Mtumbwi gani?"